Ripoti ya kinyama imeandikwa "EBER chanya", ndiyo nini?

Mwl_Sengerema
Wakuu, mpwa wangu wa miaka 6 alivimba taya, wakamkata kinyama kwenda kupima. Majibu: limfoma ya Burkitt (saratani ya chembe nyeupe za damu), EBER chanya. Kemo imeshaanza. Dada yangu aliposikia "virusi" akawatenga watoto, kila mtu na kikombe chake. Mimi nimesoma kwamba EBER ni RNA (nakala ya maandishi ya jeni) isiyotengeneza protini yoyote. Sasa kama haitengenezi kitu, saratani inaitakia nini?

BiSlaidi
Pole Mwalimu, mpe pole na dada. Vikombe avichanganye tu. EBER ni RNA za kirusi cha Epstein-Barr, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani tunacho. Kinapita kwa mate, watoto wa kwetu wanakipata mapema mno, na wengi hakiwafanyi lolote. (Kiligunduliwa 1964, London, kwenye vinyama vya Burkitt vilivyotoka Uganda. Ni jirani yetu wa zamani.)

Kinachoisukuma Burkitt ni jeni ya MYC, inayoiamuru seli igawanyike, iliyohama kromosomu ya 8, mara nyingi ikahamia ya 14, ikawa haizimiki. Lakini seli yenye MYC ya namna hiyo kwa kawaida hujiua. Hapo ndipo kirusi kinapoingilia. Humo kimejificha: mara nyingi kinatoa protini moja tu, EBNA1, maana protini ni kitambulisho, askari wa kinga wakikiona wanakamata. RNA haina kitambulisho. Basi kazi kinazifanyia huko: EBER mbili, moja ya herufi 167 na nyingine 172, pamoja na maikroRNA za herufi kama 22. Hizi ndogo zinanasa kwenye ujumbe wa jeni za seli usisomwe, zikiwemo jumbe zinazoiamuru seli ife. EBER zenyewe zinafanyaje hasa, wataalamu bado wanabishana.

Kijana_wa_Maabara
Kwa hiyo si watengeneze dawa ya maikroRNA tu, mambo yaishe?

BiSlaidi
Mdogo wangu, wamejaribu kwenye saratani nyingine. Dawa ya majaribio MRX34 iliiga miR-34a, maikroRNA ya mwili wenyewe ambayo huzuia uvimbe. Jaribio likasimamishwa 2016, kinga za wagonjwa zilichachamaa vibaya. Mtoto wa Mwalimu aendelee na kemo yake, Burkitt huwa inaisikia haraka.

MamaJunior
Sisi ya kwetu ilirudi Burkitt lakini EBER hasi. Walikosea?

BiSlaidi
Si lazima, mama. Zipo Burkitt zisizo na kirusi. Ila RNA huoza upesi, na kinyama kilichochelewa kuwekwa kwenye fomalini kinaweza kutoa hasi ya uongo. Muulize daktari kama kwenye bloku hiyohiyo (kipande cha nta kilichohifadhi kinyama) walipima pia RNA ya seli yenyewe. Kama nayo haikuonekana, hiyo hasi usiihesabu.