Nikiitwa kusema kikaoni naiona ile kaunta: huu ni woga au kiwewe?

Binti Tabata

Habari za jioni wanajukwaa, wakubwa shikamooni.

Naomba mawazo, hasa kwa waliosomea saikolojia. Nilikuwa keshia kwenye duka la jumla Kariakoo, tunauza vitenge na mashuka. Siku moja tunafunga hesabu ikaonekana shoti ya laki nne na themanini. Bosi hakuniita pembeni. Aliuchukua mkoba wangu akaumwaga juu ya kaunta, wateja wapo, makuli wapo, wenzangu wamesimama. Vikatoka kanga, dawa ya kikohozi ya mwanangu, pedi, na nauli ya daladala. Akasema kwa sauti, "Mtazameni mwizi wenu." Kesho yake ikajulikana kuwa kuna mteja alilipa kwa simu, pesa ikaingia kwenye laini nyingine ya duka. Hakuna aliyeniomba radhi. Nikaacha kazi.

Sasa niko ofisi moja Mikocheni, upande wa malipo. Watu wa hapa ni wastaarabu, sina la kulalamika. Shida ni kikao cha Jumatatu, kila mmoja anaeleza kazi zake za wiki. Zamu yangu ikikaribia mikono inatetemeka, koo linakauka, naiona kaunta waziwazi hadi maua ya ile kanga. Nasema maneno mawili, nanyamaza. Mkuu wa kitengo akisema "njoo ofisini kwangu mara moja", tumbo linavuruga, kumbe anataka risiti tu. Mchana nakula peke yangu.

Wanaonifahamu sasa wanasema nina aibu. Sikuwa hivyo. Kwaya nilikuwa sauti ya pili na nilisimama peke yangu kuimba mbele ya kanisa zima. Mtandaoni nimekuta hofu ya kijamii, yaani woga mkubwa wa kutazamwa na watu, nimekuta na kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio baya. Yangu ni ipi? Na inatibika?

Mzee wa Mbagala

Marahaba, pole sana mwanangu. Muombe Mungu, kisha jilazimishe kuongea kila kikao. Utazoea tu.

Mshauri Temeke

Dada, pole. Ni mshauri wa saikolojia, hapa hapa Dar, na watu walioumizwa kazini nawapokea mara kwa mara. Niruhusu niandike kwa kirefu.

Swali lako limewahangaisha hata watafiti. Hofu ya kijamii na kiwewe vyote viliingia kwenye mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili mwaka 1980, kila kimoja na sura yake. Kwa toleo la 2013, ugonjwa wa kiwewe unahitaji tukio la kifo au tishio lake, jeraha kubwa, au ukatili wa kingono. Kudhalilishwa mbele ya wateja hakumo. Kwa hiyo daktari anaweza asikuandikie kiwewe hata kama dalili unazo. Mimi naona hapo mwongozo unawaacha nje watu wengi.

Mwaka 2006 Erwin, Heimberg na wenzao waliwauliza watu wenye hofu ya kijamii kuhusu tukio lililowaumiza mbele za watu. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na dalili za kutosha za kiwewe kutokana na tukio hilo, ingawa halikuhatarisha maisha yao. Kabla yake, mwaka 2000, Ann Hackmann na wenzake kule Oxford waliwauliza wagonjwa wa hofu hii wanaona nini akilini wanapobanwa. Walikuwa na picha zinazojirudia, na karibu wote waliihusisha picha hiyo na jambo baya lililowahi kuwapata mbele za watu. Kaunta yako ni picha ya aina hiyo. Kwa nilivyokusoma, hofu ndiyo inayoonekana kikaoni, na inalishwa na kumbukumbu ya Kariakoo. Jina kamili atalitoa atakayekaa nawe ana kwa ana.

Mzee wangu wa Mbagala, shikamoo. Kwenye sala sina neno. Kwenye kujilazimisha naomba niongeze kitu. David Clark na Adrian Wells walieleza mwaka 1995 kwa nini mtu anaweza kukutana na watu kila siku na hofu isipungue. Akibanwa, anaacha kuwatazama wenzake, anajitazama mwenyewe kwa ndani: mikono, sauti, uso. Kisha anajikinga. Anasema haraka, anainamia daftari, anabana kalamu isionekane ikitetemeka. Kikao kikiisha salama, akili inasema "daftari limeniokoa", haisemi "watu hawa hawana ubaya". Jumatatu inayofuata anaanza upya. Dada, yale maneno mawili yako ni kinga. Jaribu siku moja kuongeza sentensi ya tatu huku unamtazama mmoja wao usoni, kisha jiulize umeona nini kwake, siyo umejisikiaje.

Na watu hawatuoni kiasi tunachodhani. Thomas Gilovich na wenzake, Chuo Kikuu cha Cornell, utafiti wa mwaka 2000, waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, vazi la kuwaaibisha vijana wale, wakawaingiza kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walikisia nusu ya chumba wameitambua. Walioitambua walikuwa kama robo.

Ndiyo, inatibika. Uingereza, mwongozo wao wa tiba wa mwaka 2013 unaweka mbele tiba ya mazungumzo ya mtu mmoja mmoja inayofuata njia ya Clark na Wells au ya Heimberg. Zipo na dawa, kwa mfano sertraline, lakini hizo ni za daktari. Kwa kisa chako ningependa zaidi kazi ya kumbukumbu yenyewe, ambayo Wild, Hackmann na Clark waliijaribu kwa kikundi kidogo mwaka 2008 na hofu ikapungua. Unarudi kwenye tukio ukiwa na mshauri, unaingia nalo ukijua unachokijua leo. Wewe unacho cha kuingia nacho: pesa ilipatikana. Picha yako imegandia jioni ile ya shoti, kesho yake haijawahi kuingia ndani yake.

Kaka Ubungo

Mshauri umesema kweli. Mimi nilikuwa jikoni hoteli moja, mkubwa wangu akikasirika anatupa sufuria. Nilipohamia kwingine, kitu kikianguka tu natoka nje. Nilienda Muhimbili, idara ya afya ya akili, nikapata mtu wa kuongea naye. Leo napika mbele ya wageni.

Na kama kuna anayesoma na lake bado bichi, lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali linapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Dada yetu hakuambiwa.

Binti Tabata

Nimesoma nikalia, asanteni. Mzee, na wewe asante. Swali moja: mkuu wa kitengo nimweleze?

Mshauri Temeke

Kisa chote siyo lazima. Mwambie tu, "Ukiniita ofisini, naomba unitajie ni kuhusu nini." Mkuu mstaarabu hatakataa. Na ukifika hospitali usiseme "nina woga" peke yake, watakutibu woga. Eleza mkoba, eleza kaunta, sema picha hiyo inarudi kila Jumatatu, kisha uliza kama wana mtu wa tiba ya mazungumzo.