Nimesoma meseji za mume wangu kwa siri wiki 5. Nikiri au nijitoe kimya kimya?

Mkesha:

Wapendwa, habari zenu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, maana mwenyewe nimeshajihukumu vya kutosha.

Tuna miaka 6 kwenye ndoa. Miezi ya karibuni mume wangu alibadilika. Simu ikiita anatoka nje. Akiiweka mezani anailaza kifudifudi. Usiku namsikia anajigeuza, nikimuuliza anasema uchovu. Kichwani mwangu jibu lilikuwa moja tu: kuna mwanamke. Nilimuuliza mara mbili. Mara ya pili nilipaza sauti, akaniangalia, akasema "hapana", akatoka.

Usiku mmoja, saa nane, nikaichukua simu yake akiwa amelala. Nambari yake ya siri naijua, hajawahi kunificha, na hilo peke yake lingetosha kunizuia. Nikafungua WhatsApp, nikaingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, nikaielekeza kamera kwenye kile kisanduku cha madoa meusi na meupe kwenye kompyuta yangu. Mwanga nilikuwa nimeupunguza na shuka nimejifunika gubigubi. Mkono ulitetemeka, kamera ikashindwa kusoma mara mbili. Ya tatu ikakubali, majina yakaanza kushuka moja baada ya jingine. Nikairudisha simu palepale, kifudifudi, kama alivyoiacha.

Tangu hapo nasoma kila siku. Siku ya kwanza nilifungua ujumbe ambao yeye alikuwa bado hajausoma. Tiki zikawa bluu kwa aliyeutuma, na kwenye simu yake ukaonekana umeshafunguliwa. Jioni akasema, "Ajabu, meseji ya dada nimeikuta imesomwa." Nikamjibu labda aliigusa bila kujua. Uongo ule ulinitoka laini kabisa, na ndio unaonisumbua kuliko hata kusoma kwenyewe. Baada ya hapo nikawa nasubiri afungue yeye kwanza.

Mwanamke sikumkuta. Nilichokuta ni mazungumzo na dada yake mkubwa. Sisi bado hatujajaliwa mtoto. Mimi nilishapima, sikuonekana na shida, lakini bado moyoni nilijihesabu kuwa mimi ndiye tatizo. Kumbe naye alikwenda kupima peke yake, bila kuniambia, na majibu hayakuwa mazuri. Alimwandikia dada yake: "Sijui nianzie wapi kumwambia. Naogopa atakavyoniangalia." Zile simu za kutokea nje zilikuwa za dada.

Sasa nalala kando ya mtu ninayejua mzigo alioubeba, na siwezi kumshika mkono kwa sababu sipaswi kujua. Juzi alianza, "Kuna jambo nataka..." akakwama. Ningemsukuma kidogo tu angesema. Niliinuka nikaenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limeshafungwa, kwa kuogopa uso wangu usinisaliti.

Nijitoe kimya kimya nisubiri aniambie mwenyewe, au nimwambie nilichofanya?

FundiSkrini:

Pole dada. Mimi ni fundi wa simu, nitasema upande ninaoujua.

Hiyo "kimya kimya" usiitegemee sana. Kwenye simu yake ipo orodha ya vifaa, WhatsApp inaruhusu hadi 4 mbali na simu yenyewe, na kila kimoja kinaonyesha kilitumika lini mara ya mwisho. Akigusa pale hata leo kwa bahati tu, kompyuta yako ataiona. Watu huniuliza, si ujumbe umefungwa kwa usimbaji, yaani maneno kugeuzwa fumbo, tangu 2016? Umefungwa ukiwa njiani. Kifaa ulichokiunganisha kinahesabiwa kuwa ni chake mwenyewe, kwa hiyo hakuna kufuli lililovunjwa.

Naomba pia niliseme hili kwa sababu nakutana nalo kazini mara kwa mara: mtu anakuja ameshika simu ya mwenzake, anataka nimwekee programu ya kupeleleza. Nakataa. Anadhani atakayeona ni yeye peke yake. Mei 2024 pcTattletale, programu iliyokuwa ikipiga picha skrini ya anayechunguzwa, ilidukuliwa na ikafungwa. Picha zile zilikuwa zinafikika na watu wasiohusika kabisa. Na SpyFone, nyingine ya aina hiyo, ilipigwa marufuku na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani mwaka 2021. Unamweka mwenzako uchi mbele ya watu ambao hata wewe huwajui.

Kwa anayesoma hapa na yeye ndiye anayechunguzwa, na mwenzake ni mtu wa kupiga: usikimbilie kukiondoa kifaa ulichokikuta. Atajua papo hapo. Omba msaada kwanza kwa kutumia simu ya mtu unayemwamini.

Baba_Kimya:

Dada yangu, mimi nilikuwa upande wa mumeo.

Mke wangu alisoma simu yangu karibu mwaka mzima. Nilijua mapema, sikusema. Nikaanza kuandika kama mtu anayeandika mbele ya hakimu. Rafiki akinitania, namjibu kwa neno moja. Mama yangu aliniandikia akilalamika kuhusu mke wangu, maneno ya kawaida ya mzazi, nikayafuta kabla sijamaliza kuyasoma. Mke wangu akaliona pengo, akauliza ni nini kimefutwa. Tangu hapo kila nilichofuta kilikuwa ushahidi, na kila nilichoacha kilikuwa na maana ya pili.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwahi kuniambia. Siku tulipogombana alinitajia sentensi yangu mwenyewe, neno kwa neno, niliyomwandikia kaka yangu usiku niliokuwa nimekata tamaa. Nilihisi kama nimevuliwa nguo.

Mwambie. Akija kugundua mwenyewe, hatakumbuka kwamba ulimhurumia. Atakumbuka ulivyoenda kufunga dirisha.

Nimevuka:

Mimi sitasema kuchungulia ni dhambi isiyo na faida. Nilichungulia, nikamkuta, nikaondoka, na sijutii kuondoka. Ila nawaambia ukweli, nilianza kuumwa miaka miwili kabla ya kumkuta. Nilikuwa nakaa na simu naangalia neno "mtandaoni" chini ya jina lake. Likitokea saa tano usiku na hajanijibu, tumbo linakaza. Akificha muda wake, naumia zaidi. Baadaye nilisoma utafiti wa mwaka 2009 wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, uliohoji wanafunzi 308 kuhusu Facebook: waliokaa huko muda mrefu zaidi ndio waliokuwa na wivu zaidi, na watafiti waliona huenda ni mzunguko, wivu unamrudisha mtu kuangalia, na anachokiona kinamwongezea wivu. Nililia, kwa sababu ndivyo nilivyoishi.

Natofautiana na Baba_Kimya kwenye jambo moja. Mkesha, ondoa kompyuta leo, lakini usimwambie leo. Mpe nafasi aseme habari yake kwa mdomo wake. Ukianza wewe, siri yake inageuka kuwa kosa lako, mtamaliza usiku mnazungumzia simu na yale majibu yabaki pembeni.

Mkesha:

Nimerudi. Nimewasoma wote zaidi ya mara moja, asanteni sana.

Nimevuka, nilitaka kukufuata wewe, ningepata ahueni. Nilishindwa. Aliporudi jana na kuanza tena "kuna jambo", nikajua nikimwacha aseme itabidi nishtuke kwa uongo, kwenye jambo zito kama hilo. Nikamwomba anipe simu. Nikafungua ile orodha mbele yake, nikamwonyesha jina la kompyuta yangu, nikaliondoa akiwa anaangalia. Nikamwambia tangu lini, na kwamba ile meseji ya dada niliifungua mimi.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Umesoma mpaka wapi?" Nikasema mpaka kwenye majibu.

Alikaa muda mrefu ameishika simu kwa mikono miwili. Nikadhani ataondoka. Kisha akaanza kunisimulia kuanzia siku aliyoamua kwenda kupima, alivyokaa kwenye benchi akisubiri jina lake liitwe, kila kitu kwa mpangilio, kama mtu asiyejua chochote ndiye anayemsikiliza. Nami nikamsikiliza hivyo. Mkono aliniachia nimshike.

Leo asubuhi amebadilisha nambari ya siri. Sijamuuliza mpya ni ipi.