Naomba ushauri: mwanafunzi wangu wa fildi kabadilisha hesabu ya mbu waliokufa, nifanyeje?

Mwanapwani_TA:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa wa watu waliowahi kusimamia wanafunzi au wanaokumbuka walivyosimamiwa.

Mimi ni mwanabiolojia, niko Tanga, huu mwaka wa 14 kwenye maabara ya wadudu. Kituo sitakitaja. Kazi yetu kubwa ni kupima kama mbu wa malaria bado wanakufa kwa dawa zinazowekwa kwenye vyandarua. Kila mwaka tunapokea wanafunzi wa fildi wa wiki 8, na mimi ndiye ninayekaa nao, kuanzia kuchota viluwiluwi kwenye madimbwi ya njia ya Muheza mpaka kusoma matokeo. Sehemu hii ya kazi naipenda kuliko hata kuandika makala. Kuna vijana niliowapokea hawajui kushika pipeti, leo wana wanafunzi wao.

Mwaka huu nina binti wa mwaka wa 3. Ana mkono mtulivu. Anahamisha mbu kwa mrija wa kunyonyea bila kumvunja hata mguu, jambo linalowachukua wengine mwezi mzima. Anataka kuendelea na shahada ya uzamili na ameniomba barua ya mapendekezo.

Wiki iliyopita alifanya kipimo cha deltamethrini, moja ya dawa za vyandarua, ya asilimia 0.05. Kwa wasioijua kazi hii: unachukua majike wa siku 3 hadi 5 ambao hawajanyonya damu, 25 kila mrija. Mirija 4 ina karatasi zenye dawa, 2 ina karatasi za mafuta matupu, hiyo ndiyo kontroli. Wanakaa humo saa 1, unawahamishia kwenye mirija safi yenye pamba ya maji ya sukari, halafu unahesabu waliokufa baada ya saa 24. Kontroli wakifa chini ya asilimia 5, unaendelea. Wakifa kati ya 5 na 20, unasahihisha kwa kanuni ya Abbott, hesabu ya kuondoa vifo visivyotokana na dawa. Wakizidi 20, kipimo chote unakitupa.

Usiku ule umeme ulikatika, chumba cha mbu kikakauka. Asubuhi akaniletea fomu: upande wa dawa wamekufa 81 kati ya 100, kontroli 2 kati ya 50. Nikasaini.

Jumatatu nikafungua boksi la sampuli. Kila mbu huwa tunamhifadhi kwenye kichupa chake na silika jeli ya kumkausha, kwa ajili ya PCR, yaani kipimo cha vinasaba, maana *Anopheles gambiae* na *Anopheles arabiensis*, mbu wawili wa malaria, kwa macho hawatofautiki. Vichupa vya kontroli waliokufa vilikuwa 13. Nilihesabu mara 3.

13 kati ya 50 ni asilimia 26, yaani alipaswa kukitupa. Na ile 2 hakuiokota njiani: 2 kati ya 50 ni asilimia 4, chini kidogo tu ya mstari. Kanuni anaijua vizuri kuliko nilivyodhani. Lakini vichupa kaviandika kweli tupu, kwa mwandiko wake, "kontroli, amekufa", namba 1 mpaka 13. Angetaka kuvitupa angevitupa.

Kuna jingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Mwezi uliopita kijana mwenzake kontroli ilimfia hivyo hivyo. Nilimfokea mbele ya watu, nikamwambia anapoteza karatasi zetu na muda wangu. Huyu binti alikuwa amesimama pale pale, kashika daftari lake.

Nimripoti chuoni kwao? Nirudie naye kipimo kimyakimya? Na barua je?

Kobe_Chumbageni:

Dada, jenereta la maabara lilikuwa wapi usiku huo?

Mwanapwani_TA:

Lipo kaka, mafuta ndiyo hayakuwepo. Hilo nimeshalipeleka kwa maandishi kwa mkuu wangu.

Ukweli_Mchungu:

Ripoti chuoni, barua usiandike. Hapa hakuna cha kuzungushana. Leo kaanza na mbu, kesho atapewa damu ya mgonjwa. Huruma yako italipwa na mtu ambaye hata humjui, analala chini ya chandarua kisichoua mbu.

Takwimu_Tupu:

Mimi naona mnakuza jambo. Piga kanuni ya Abbott kwa namba za kweli: 81 toa 26 ni 55, 100 toa 26 ni 74, gawanya, unapata kama asilimia 74. Usugu, yaani mbu kuhimili dawa, unathibitika vifo vikiwa chini ya asilimia 90. Kwa hiyo kwa namba zake mbu ni sugu, kwa namba za kweli mbu ni sugu. Jibu halijabadilika. Mkanye, maisha yaendelee.

Bagamoyo_Maabara:

@Takwimu_Tupu hapana ndugu yangu. Kanuni ya Abbott inaishia asilimia 20, na sababu ipo. Kontroli wakishakufa kiasi hicho, mbu wote wa siku ile walikuwa taabani, na hujui katika wale 81 ni wangapi waliuawa na dawa na wangapi na ukavu. Halafu angalia kosa limeelekea wapi. Limeifanya dawa ionekane inaua kuliko inavyoua. Safari hii idadi iliangukia 81. Ingeangukia 98 tungeandika kwamba mbu wa eneo hilo hawana usugu, na wizara ingepanga vyandarua kwa namba hiyo.

Dada, mimi niko Bagamoyo, upande wa majaribio ya chanjo. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 kwenye vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe vikiwemo, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Katika kazi za namna hiyo kitu cha kwanza mtu anachofundishwa ni kukosea kwenye karatasi: namba iliyokosewa haifutwi, inapigwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, ya kweli inaandikwa pembeni, unatia saini na tarehe. Mfundishe huyo binti hivyo, na aanze na fomu hii hii. Wewe nawe uweke saini, kwa sababu ya kwanza uliiweka bila kufungua boksi.

Babu_Raskazone:

Mwanangu, nimesoma yote. Mimi ni fundi sanifu mstaafu. Miaka ya 90 nilikuwa kwenye ufugaji wa mbung'o hapa hapa Tanga, wale waliopelekwa Unguja. Vijana wengi hawajui kwamba mbung'o wa Unguja walimalizwa na madume yaliyofugwa Tanga. Tuliwalisha damu kupitia utando wa silikoni, tukawapiga mionzi wasizalishe, ndege ikawamwaga kisiwani kuanzia 1994. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu; akipata dume tasa hazai tena. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana 1996, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba wameisha.

Sasa fikiri. Trei moja ikisahaulika kupigwa mionzi, unakwenda kumwaga madume yenye uzazi mahali unapotaka kummaliza mdudu. Sote tulilijua hilo. Na bado kuna mtu aliwahi kuandika kwenye daftari kazi ambayo hakuifanya, kwa kumwogopa bosi. Tuligundua mapema. Bosi hakumfukuza. Alianza kuja yeye mwenyewe kila asubuhi, anauliza, "Jana mmeharibu nini?" Mwanzoni tulinyamaza. Baada ya wiki 2 au 3 watu wakaanza kusema.

Huyo mtoto vichupa hakuvitupa. Usimwonyeshe fomu. Mwekee boksi mezani, umwachie nafasi aseme mwenyewe. Na yule kijana uliyemfokea, naye una neno la kumwambia.

Mwanapwani_TA:

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya yule kijana imenigusa penyewe.

Mgeni_wa_Pangani:

Naandika kwa mara ya kwanza humu. Mimi nilikuwa kama huyo binti, kituo kingine, miaka 6 iliyopita. Kwangu ilikuwa seli za damu kwenye slaidi. Nilitakiwa kuhesabu seli kwenye maeneo 100 ya slaidi chini ya hadubini, nikahesabu 40, mengine nikayakadiria. Hakuna aliyejua. Nilipata alama A. Mpaka leo ripoti ile siwezi kuifungua, na utafiti nimeuacha, nauza vifaa vya hospitali. Dada, mwite kabla fildi haijaisha.

Ukweli_Mchungu:

@Mgeni_wa_Pangani pole sana. Narudi nyuma kidogo: aripotiwe, lakini aripoti yeye mwenyewe.

Mwanapwani_TA (siku 5 baadaye):

Wakuu, narudi na mrejesho.

Nilianza na yule kijana. Nilimwita wenzake wakiwepo, kwa kuwa nilimfokea wakiwepo, nikamwomba radhi. Alisema "haina shida dada" haraka haraka, akataka kuondoka. Sikumzuia.

Binti nilimwita mchana, maabara imetulia. Nikaweka boksi mezani kama mzee alivyosema, nikakaa. Alilitazama kwa muda mrefu. Akaanza kuvitoa vichupa kimoja kimoja, anavipanga, anahesabu kwa sauti. Alipofika 13 akasema, "Niliviacha kwa sababu nilitaka uvione." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema fildi ilikuwa imebaki wiki 2, na alikuwepo siku ile ya kijana. Hakusema zaidi, na sikuhitaji aseme.

Fomu tumeisahihisha kama wa Bagamoyo alivyoelekeza. Kapiga mstari mmoja kwenye 2, kaandika 13, saini na tarehe. Na mimi chini yake. Binti mwenyewe ndiye aliyempigia msimamizi wake wa chuo, simu ikiwa kwenye spika, mimi nimekaa pembeni. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akamwambia sura ya matokeo aiandike kama ilivyotokea, na umeme na kila kitu.

Kipimo tunarudia. Tulikwenda kuchota viluwiluwi pamoja, tukarudi na ndoo 2. Kwenye kizimba sasa kuna majike zaidi ya 150 wa siku ya 2, unyevu asilimia 76, na dumu la mafuta ya jenereta nimelinunua kwa pesa yangu. Ijumaa asubuhi tunaanza, na fildi yake inaisha Jumatatu.

Barua sijaiandika. Nimemwambia nitaiandika baada ya kusoma hiyo sura, na kwamba habari ya vichupa 13 itakuwemo, na vile alivyovihesabu mbele yangu. Aliomba usiku mmoja wa kufikiri. Leo asubuhi amekuja kuniambia niiandike hivyo hivyo.

Babu_Raskazone:

Ijumaa saa ngapi? Nipo Raskazone tu hapa, naweza kuja kukaa nanyi.