Mrejesho: kuwaachia wasimamizi maamuzi ya kila siku, nyumba ya wageni Lamu

Asalaam aleikum. Niliuliza hapa namna ya kuwaachia wasimamizi wangu maamuzi katika nyumba yetu ya wageni Shela, maana hata bei ya samaki nilikuwa naulizwa mimi. Ahsanteni sana nyote.

Nilifuata ushauri wa kuweka kiwango: msimamizi wa jiko na wa vyumba kila mmoja anaamua mwenyewe hadi shilingi 5,000, kisha anaandika daftarini. Limefaulu kabisa. Wa jiko sasa anapatana na wavuvi moja kwa moja, na upepo wa kusi ukichafua bahari hubadilisha chakula bila kunipigia simu. Na wewe uliyesema nikiulizwa nijibu "wewe waonaje?", Mungu akubariki, hilo ndilo lililowafungua midomo.

Boti za kupokea wageni uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa cha jirani, bado. Manahodha wanamruka msimamizi na kunijia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nawalipa. Sasa malipo yao anatoa yeye. Baadhi wametulia, wengine wangali wananipigia. Kikao cha asubuhi na wasimamizi tulikiacha, kiligongana na wageni wanaoondoka. Tunakutana baada ya alasiri.