Ushauri: Vijana wa kijijini wanadai karatasi za mradi wa maji. Wana haki?

Mshonaji wa Likoni
Wenzangu, naombeni ushauri, usingizi sina. Mimi naishi Likoni lakini nimeolewa bara, kaunti jirani. Kijijini kwa mume wangu kaunti ilichimba kisima mwaka jana, ikajenga na kioski cha kuuzia maji. Mpaka leo maji hayatoki. Sasa vijana wa pale wameandika barua kwa afisi ya kaunti wakitaka mkataba, makadirio ya gharama na karatasi za malipo. Barua imepokelewa na kupigwa mhuri. Ukoo umegawanyika, wazee wanasema vijana wanatumiwa. Nauliza: vijana wa kijiji tu wana haki ya kuitisha karatasi za tenda? Na wakipewa, watapewa zote au baadhi?

Karani Mstaafu
Mwanangu, haki wanayo. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaonyesha njia. Afisi ina siku 21 za kujibu. Mwombaji halazimiki kueleza anazitakia nini, na kuomba ni bure, labda alipie nakala. Wakinyimwa, wana siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Mimi nimezeekea masjala. Barua ikishapigwa mhuri wa kupokelewa, kuipoteza si rahisi.

Mpwani Halisi
Si wangeanza kwa chifu? Siku hizi kila kijana mwanaharakati. Akikosa kazi anaandika barua.

Karani Mstaafu
Chifu ni wa serikali ya kitaifa, ndugu yangu. Kisima ni cha kaunti. Mlango wao ni msimamizi wa wadi na idara ya maji. Wala wasimlilie mwakilishi wa wadi kana kwamba ndiye mtoa tenda, kazi yake ni kusimamia na kuuliza. Watu wakichanganya milango hii, wanazungushwa mwaka mzima.

Baba Nimu
Hapo kwa karatasi nami nina langu. Kwetu tuliitwa kikao cha ushirikishaji wa umma, viti vya plastiki chini ya mkorosho, soda moja moja na nauli. Tukatia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria kabla mtu hajafungua mdomo. Kumbe orodha ile ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Ilibandikwa nyuma ya mapendekezo ya bajeti ambayo hatukusomewa hata mstari mmoja, kisha ikasemwa wananchi wamekubali. Tangu siku hiyo sitii sahihi mpaka mwisho wa kikao. Wananiita mkorofi na wacha waniite.

Dada wa Kisauni
Mshonaji, swali lako la mwisho limenikwama. Mwenye kiu huuliza maji yatatoka lini. Wewe wauliza karatasi zipi zitaonekana. Wahusika vipi, mamangu?

Mshonaji wa Likoni
Nahusika kama mke wa pale. Maneno ya ukoo yananifika.

Dada wa Kisauni
Maneno ya ukoo hayamnyimi mtu usingizi kiasi hicho. Sema tukusaidie.

Mshonaji wa Likoni
Haya. Kampuni iliyopewa kazi imeandikishwa kwa jina langu. Mkandarasi mwenyewe ni shemeji yangu. Aliniambia kuna ile asilimia 30 ya tenda za serikali inayotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nitie sahihi tu, mengine atafanya yeye. Alichukua kitambulisho na PIN yangu ya ushuru. Lakini msinihukumu. Shemeji huyo ndiye aliyemlipia mwanangu karo. Na kisima kilichimbwa kweli, maji yalionekana, kilichobaki ni pampu. Mimi nimeshaelekea kuamua: wiki hii nimhamishie hisa zote, karatasi ziandikwe tarehe ya kabla ya mkataba, ili majina yakitoka langu lisiwemo. Sioni nani nitakayekuwa nimemdhulumu.

Wakili Mdogo
Dada, tarehe usiirudishe nyuma. Huko ni kughushi, na hapo utakuwa umeingia kwa miguu yako mwenyewe. Tena haitasaidia. Zabuni ilipowasilishwa iliambatanishwa na hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi, nayo iko kwenye faili la kaunti. Isitoshe, agizo la rais la 2018 lilizitaka taasisi za umma zichapishe majina ya washindi wa zabuni pamoja na wakurugenzi wao. Jina lako huenda limeshatoka hata kabla ya barua ya vijana.

Fundi Bomba
Mimi nauliza hicho kisima. Kina chake mita ngapi? Majaribio ya kuvuta maji yalifanywa kwa saa ngapi? Huko bara visima vingi hutoa maji ya chumvi. Pengine pampu haikuletwa kwa sababu mkemia alishakataa maji yenyewe. Vijana waitishe cheti cha kupima maji kabla ya karatasi za pesa.

Bi Mkubwa wa Tudor
Nyinyi mwajibizana mambo ya hati. Ile asilimia 30 iliwekwa ili mwanamke ainuke. Shemeji akaitumia kama leso ya kujifunikia uso, na wanawake wa kijiji kile bado wanabeba mitungi kichwani. Waliodhulumiwa ndio hao, mwanangu, nawe wawajua kwa majina.

Baba Nimu
Bi Mkubwa kasema. Halafu kuna ushuru. Binamu yangu aliazima jina hivi hivi. Biashara ikafa, mwenye kampuni akahamia Nairobi, barua za ushuru zikaendelea kumjia yeye.

Mdadisi
Wajameni, mnaliwa. Uzi huu umetungwa. Kaunti hana, wadi hana, kampuni haina jina. Kila kitu kimekaa mahali pake: shemeji mbaya, vijana wazuri, mama mwenye majuto. Uchaguzi wa 2027 unakaribia, mtu anatengeneza moto wa kumchoma mwakilishi wa wadi fulani. Kesho mtaiona picha ya kioski ikizungushwa kwenye makundi.

Mpwani Halisi
Nilihisi mapema. Mshonaji gani anajua neno hisa?

Bi Mkubwa wa Tudor
Mshonaji anayepiga hesabu ya vitambaa kila siku, Mpwani. Heshima.

Mshonaji wa Likoni
Nitaje kaunti nijulikane leo hii? Nitawaambia nilichokiona kwa macho. Kioski kimepakwa buluu. Mifereji yake ni minne na nyigu wamejenga ndani ya midomo yake. Kwenye kibao cha mradi, mstari wa gharama umepitishwa rangi nyeupe, jina la kampuni limeachwa. Mama mkwe wangu hupita hapo alfajiri na mtungi akienda bwawani. Hajui kusoma. Hajui jina lile ni la nani. Mdadisi, kama nimetunga, basi niombee iwe hivyo.

Mdadisi
Kibao ungeweza kukiona popote. Lakini sawa, nasoma tu.

Karani Mstaafu
Awe ametunga au hajatunga, kuna watu wa kweli waliofungwa hivi na wanasoma hapa. Tuendelee. Barua iliingia lini?

Mshonaji wa Likoni
Tarehe 3 mwezi huu wa Juni.

Karani Mstaafu
Basi jibu linatakiwa kufikia tarehe 24.

Wakili Mdogo
Na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30. Malipo ya mwisho ya mkandarasi yameshatoka?

Mshonaji wa Likoni
Bado. Shemeji anasema cheti cha kukamilika kwa kazi kitatiwa sahihi wiki hii.

Wakili Mdogo
Cheti cha kazi isiyokamilika. Sikiliza vizuri. Aliyeandikishwa benki kutia sahihi ni nani?

Mshonaji wa Likoni
Ni mimi peke yangu. Laini ya simu ya kampuni ni yangu pia, ila anakaa nayo yeye.

Wakili Mdogo
Kesho benki ikifunguliwa uwe mlangoni. Waandikie akaunti isitoe hata shilingi mpaka ufike mwenyewe, kisha ukaizuie ile laini. Ukitoka hapo tafuta wakili wa kukaa naye ana kwa ana, mwende pamoja Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi mkaandikishe maelezo. Ukifika kabla hujaitwa, utasikilizwa tofauti. Sikuahidi kwamba utatoka bila lawama, jina ni lako. Lakini pesa za pampu bado ziko hazina, na wewe ndiye unayeweza kuzizuia zisipotee.

Mshonaji wa Likoni
Shemeji atasema nimeuza ukoo. Na mume wangu je? Nimwambie kabla ya kwenda benki au baada?

Dada wa Kisauni
Kwani mumeo hajui?