Tupeane uzoefu: spea ya injini imeacha kutengenezwa, ukachongesha adapta. Kitu gani kingine kilisogea?

#1

Habari zenu wakuu. Wenye magari ya umri tunaelewana hapa, unazunguka kutafuta spea unaambiwa hiyo imeacha kutoka siku nyingi, ukibahatika kupata used nayo imechoka kuliko ile uliyoitoa. Wengi wakifika hapo wanaanza kuwaza kubadili injini nzima. Mi huwa napita njia nyingine, nachukua kifaa cha gari jingine ambacho bado kinapatikana alafu nachongesha kitu cha katikati cha kuviunganisha, yaani adapta. Sasa tupeane uzoefu, ila sio ule wa "nilichonga ikakaa poa" basi. Tuambiane baada ya kuifunga ni nini kingine kilihama, maana kwa nionavyo kuchonga chuma ndo kazi ndogo, shughuli iko kwa vyote vinavyoungana na hicho kifaa ambavyo sasa haviko pale kiwanda kilipoviweka.

Naanza na kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Ya kwangu original ilikuwa imelika kwenye matundu ya shafti ya kipepeo (kile kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa), hewa inavutwa pembeni, gari likisimama injini inapanda inashuka, na repair kit hamna. Nikaenda na kabureta ya Weber 32/36, hii watu wengi wanaipenda kwenye injini za silinda nne, zile namba ni kipenyo cha matundu yake mawili kwa milimita, dogo linafunguka kwanza kubwa linafuata ukikanyaga zaidi. Matundu ya bolti za Weber na stadi (bolti zisizo na kichwa) za manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda, hayakulingana, na mbaya zaidi mengine yanapandiana, yaani huwezi kutoboa bamba moja ukamaliza. Suluhisho ni bamba mbili, la chini linafungwa kwenye manifoldi kwa skrubu zenye kichwa kinachozama, la juu linafungwa kwenye la chini na ndo linabeba stadi za kabureta. Zile skrubu za chini lazima zipakwe gundi ya kuzuia nyuzi za skrubu zisilegee, tena bila huruma, kwa sababu moja ikilegea njia yake ni kuanguka ndani ya manifoldi na ikitoka hapo ni kwenye valvu.

Sasa vilivyosogea. Kabureta ilipanda juu, kwa hiyo kebo ya mafuta ikawa fupi na haivuti kwenye mstari wake, nikahamisha kishikio. Kisafishio cha hewa nacho kikakaribia boneti. Kuujua huo upenyo ni rahisi, weka donge la udongo wa kuchezea watoto juu ya kisafishio, shusha boneti taratibu hadi ijifunge, fungua upime unene uliobaki. Na usisahau injini hucheza kwenye mpira wake ukikanyaga ghafla, kwa hiyo upenyo wa kubahatisha hapo haufai.

Haya, karibuni.

#2

Mkuu umeanza vizuri. Kwenye bamba la kabureta naongezea unene. Watu wanachonga bamba jembamba la aluminiamu, wakikaza pembeni linajipinda katikati, gasketi inaachia, wanarudi kulaumu kabureta. Kabla ya kufunga paka uso wa bamba lote kalamu ya maka, weka msasa mzuri juu ya kioo kinene, sugua kwa mzunguko. Sehemu zitakazobaki na rangi ndo mabonde. Endelea hadi rangi iishe yote. Na baada ya kukaza kwenye gari legeza tena, rudia kuangalia kwenye msasa, ndo utajua kama linapinda au la.

Alafu jamani silikoni kwenye kabureta hapana. Petroli inaivimbisha inalainika inamenyeka, vipande vinaingia ndani. Tumia karatasi ya gasketi.

#3

Mi ya kwangu ni distribyuta, ile inayogawa umeme wa cheche kwa plagi. Ile ya asili beringi yake imekufa, kifuniko hakitoki tena, rota hamna. Nikaamua kuachana nayo kabisa, nikafunga gurudumu la meno kwenye pulii ya krenki (mhimili mkuu wa injini) pamoja na sensa, na koili zinazoendeshwa na kompyuta ndogo. Gurudumu ni lile la 36 toa 1, yaani nafasi za meno 36 moja imeachwa wazi, kila jino ni nyuzi 10, pale palipokosa jino ndo kompyuta inajua krenki iko wapi.

Kuna vitu viwili watu hawaambiwi. Cha kwanza ni pulii yenyewe. Pulii nyingi zina mpira kati ya kitovu na ringi ya nje ili kumeza mtetemo wa krenki, na kwenye gari la zamani ule mpira umezeeka, ringi ya nje inaweza kuteleza kidogo kidogo bila wewe kuona. Ukifunga gurudumu lako kwenye ringi ya nje basi taiming yako, yaani wakati wa cheche kuwaka, inateleza nayo. Funga kwenye kitovu. Mimi fundi mashine alinichongea kitovu cha katikati kinachokaa chini ya bolti kuu ya krenki, kikaingia kwa kubana bila kucheza, gurudumu likafungwa hapo.

Cha pili ni kishikio cha sensa. Sensa inakaa kama milimita moja tu toka kwenye meno. Nimeona gari la jamaa limefungwa kishikio cha bamba jembamba lililokunjwa, likiwa chini linaenda safi, ukivuka mzunguko fulani linaanza kumisi hovyo, na walishabadilisha plagi, koili, waya, kila kitu. Tukagusa kishikio kwa bisibisi injini ikiwa inazunguka ile kumisi ikabadilika papo hapo. Kilikuwa kinatetemeka na sensa nayo inaenda mbele nyuma. Kikachongwa kipya cha bamba nene lililofungwa kwenye blok kwa bolti mbili zilizo mbali mbali, ikaisha.

Na kabla hujang'oa distribyuta uliza kwanza kama shafti yake ndo inayozungusha pampu ya oili. Chevrolet V8 zile za small block ziko hivyo. Ukiitoa ukaziba tundu, injini inazunguka bila oili. Hapo inabidi uache kile kipande cha chini na gia yake, ukate tu sehemu ya juu na kukitengenezea kifuniko.

#4

#3 hiyo ya pampu ya oili iandikwe kwa wino mwekundu.

Mi nina fupi. Sensa ya presha ya oili. Injini za Kijapani tundu lake mara nyingi ni nyuzi za BSP za 1/8 (kipimo cha Kiingereza cha nyuzi za bomba), geji nyingi za kununua zinakuja na NPT 1/8 (kipimo cha Kimarekani). Ukiziangalia kwa macho ni kitu kile kile, ukizungusha inashika vizuri mizunguko ya mwanzo alafu inakaza, mtu anadhani ndo imefika, anaongeza spana. Moja ina nyuzi 28 kwa inchi nyingine 27, na pembe za nyuzi nazo tofauti, digrii 55 kwa 60. Inavuja, au inapasua blok pale kwenye tundu. Chongesha adapta ya shaba nyeupe au chuma, upande huu BSP upande huu NPT, kazi ya mkerezaji wa kawaida kabisa.

Ila usije ukaninginiza sensa nzito ile ya kopo kwenye mnyororo wa adapta uliotoka nje ya blok. Mtetemo unakata pale kwenye shingo na oili yote inamwagika ukiwa barabarani. Tumia hosi ya oili, sensa ifungwe kwenye bodi.

#5

Nani hapa ameshaprinti kwa plastiki? Nina printa ya 3D na nyumba ya themostati (ile valvu inayofungua maji ya kupozea injini ikipata moto) imelika, nafikiria nichore niprinti niiweke.

#6

#5 usithubutu mkuu. PLA, plastiki ya kawaida ya printa za 3D, inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, maji ya injini yako kwenye 90 na zaidi tena yana presha. PETG, plastiki nyingine ya printa, nayo inalegea kama kwenye 80. Najua utasema mbona viwanda vinatumia plastiki kwenye manifoldi na hizo hizo nyumba za themostati, ni kweli, ila ile ni nailoni yenye nyuzi za kioo ndani na imemiminwa kwenye kalibu kwa presha, sio matabaka yaliyopangwa moja juu ya jingine ambayo yanaachana pale pale yanapokutana.

Printa yako ina kazi moja nzuri sana lakini. Printi ya plastiki ya majaribio, ifunge kwa mkono kwenye injini, ona kama spana inapita, kama hosi inafika, kama bolti haigongi kitu. Ukiridhika ndo umpelekee fundi mashine mchoro na ule mfano akuchongee kwenye aluminiamu. Unaokoa malighafi na ugomvi.

Kuprinti kwa chuma ni habari nyingine. Porsche walitangaza 2018 kwamba wanaprinti spea za magari yao ya zamani, mojawapo ni lever ya kuachia klachi ya 959, gari ambalo lilitoka 292 tu. Hawa wana mashine za kuyeyusha unga wa chuma, mimi na wewe tuna kukereza na kuranda.

#7

Naunga mkono #6, nyumba ya themostati nimechongesha ya kwangu toka kwenye kipande kizima cha aluminiamu kwa hiyo nieleze kwa kirefu kidogo.

Ile ya kiwanda ilikuwa imeliwa na maji, uso unaokutana na gasketi una mashimo. Nilitaka itoe hosi kuelekea rejeta ya gari jingine ambayo kipenyo chake ni tofauti. Pa kuangalia sana ni kile kijitundu cha duara ambapo themostati inakaa. Kina chake kikiwa kifupi, themostati inabaki imechomoza na ukikaza bolti nyumba inakaa juu yake badala ya kukaa kwenye gasketi, inavuja au sikio la bolti linakatika. Kikizidi, themostati inacheza na maji yanapita pembeni yake hata ikiwa imefunga, injini inachelewa kupata moto. Kwa hiyo pima unene wa ukingo wa themostati PAMOJA na mpira wake, kama unao. Na ile njia ndogo ya kutolea hewa kwenye themostati ielekee juu.

Shingo ya hosi iachiwe kitako cha duara mwishoni, kile kivimbe. Mafundi wengi wanakereza shingo nyoofu laini kwa sababu ni rahisi. Kifuniko cha rejeta kinashikilia presha ya kama bar moja, hosi juu ya shingo nyoofu itateleza tu siku moja hata klipu iwe nzuri.

Alafu bolti za stainless ndani ya aluminiamu zinashikana kwa kutu ya umeme, zipake grisi ya kuzuia kugandana. Nyuzi ndani ya aluminiamu ziende ndani angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha bolti, M8 basi ziwe milimita 12 na kuendelea.

#8

Mi nakuja na swali la uchokozi, mbona mnateseka? Viwanda vyenyewe vimeanza kurudisha spea. Nissan walianza na Skyline R32 GT-R 2017, Toyota wana mpango wa spea za magari ya zamani unaoitwa GR Heritage Parts, walianza na Supra A70 na A80.

#9

#8 sawa kabisa, mwenye Supra akaangalie huko kwanza kabla hajachonga chochote. Ila hayo ni magari yenye mashabiki. Gari la kawaida la kubebea familia, nani atafufua kalibu kwa ajili yake? Huko ndo adapta zinaishi.

Ya kwangu ni ya kwenye hewa. Gari lilikuwa na ile mita ya hewa yenye mlango unaosukumwa, imekufa. Nikahamia kwenye sensa ya kisasa ya waya wa moto na kompyuta inayoielewa, nikachongesha bomba la kuikalisha. Hapa watu wanakosea kudhani bomba ni bomba. Sensa inapima kasi ya hewa pale ilipokaa tu, hesabu nyingine kompyuta inapiga kwa kuamini kipenyo cha bomba la asili. Toka milimita 60 kwenda 70 unaona ni kitu kidogo, eneo limeongezeka kama asilimia 36, hewa ile ile inapita taratibu zaidi, kompyuta inaona robo ya hewa imepotea na inapunguza mafuta. Gari linakosa nguvu, linagonga, linachemka. Kwa hiyo kipenyo cha ndani kiwe kile kile cha bomba la sensa lilikotoka, labda uwe na uwezo wa kuandika upya ile jedwali. Na usiiweke mara baada ya kona, hewa inakuja imejaa upande mmoja.

#10

Jamani mimi bado niko nyuma, nachukuaje mpangilio wa matundu ya bolti toka kwenye injini bila mashine za kisasa? Kila nikipima kwa rula matundu yanakataa.

#11

#10 njia ya wazee, weka karatasi ya gasketi juu ya uso, igonge taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo kwenye kingo zote, karatasi inajikata na kuacha umbo lenyewe. Ukiwa na skana ya karatasi, skani gasketi mpya na rula pembeni yake ili ukiprinti ujue kama ukubwa haujabadilika.

Kwa vipimo tumia kalipa (kipimo chenye taya mbili), usijaribu kulenga katikati ya tundu kwa macho. Matundu mawili ya kipenyo sawa, pima toka ukingo wa nje wa moja hadi ukingo wa nje wa jingine, toa kipenyo kimoja, hiyo ndo katikati kwa katikati. Rudia kwa kingo za ndani ukijumlisha kipenyo, majibu yafanane. Pima na diagonali zote mbili, kwa sababu mraba wenye pande sahihi bado unaweza kuwa umelala.

Na kama kifaa kinatakiwa kikae mahali pamoja kamili, mfano adapta ya giaboksi, usitegemee bolti zikiweke. Tundu la bolti ya M8 linatobolewa 9 kwa kawaida, hapo kuna nafasi ya kucheza. Weka pini mbili za kubana, zenyewe ndo zinalenga, bolti zinakaza tu.

#12

Shukrani sana #11, hiyo ya diagonali ndo iliyokuwa inaniua.

#13

Mleta mada narudi. Wa pampu ya maji mbona kimya? Najua wapo waliohamisha pampu ya gari jingine, nataka kusikia mliipataje pulii ikae mstari mmoja na ile ya krenki, mi hapo natumia ubao wa chuma ulionyooka nauegesha kwenye nyuso za pulii zote mbili, ila pulii zenye kingo za unene tofauti inabidi nipunguze ile tofauti kwa hesabu na sipendi.