Wakuu, nimwongeze mdogo wangu kwenye kadi yangu ya mkopo? (Marekani)

Binti_Ukerewe:
Habari za humu. Naishi Columbus, Ohio. Mdogo wangu wa kiume kaingia mwaka huu kwa grini kadi ya bahati nasibu. Namba ya soshali (ile ya utambulisho ya serikali) anayo, kazi ya ghala kapata, lakini kila akiomba nyumba ya kupanga anaambiwa hana rekodi ya krediti, yaani historia ya kukopa na kulipa. Sasa mama kanipigia kutoka nyumbani: "Mwandikishe mdogo wako kwenye kadi yako." Nani kamfundisha mama mambo ya kadi, sijui.

Ninazo mbili. Moja nilifungua 2016, limiti dola 8,000, nadaiwa kama 600. Nyingine limiti 2,500, nadaiwa 2,100. Sijawahi kuchelewa kulipa. Skoo yangu, yaani alama za krediti, ni 740 na mwakani nataka kuomba mkopo wa nyumba. Nikimwongeza kama mtumiaji wa nyongeza, skoo itashuka? Naomba kuwasilisha.

Fundi_Dishi:
Kumwongeza tu hakukushushi, dada. Kwa kawaida benki haifanyi ule ukaguzi wa krediti unaokata pointi, si kwako wala kwake. Kinachouma ni matumizi. Akinunua televisheni ya dola 1,500 deni ni lako peke yako, benki haimjui yeye. Na salio likipanda, skoo inayoshuka ni ya kwako.

Mzee_wa_Gahanga:
Swali la kwanza ni kadi ipi. Kwenye hesabu za FICO, kampuni inayotunga skoo, kulipa kwa wakati ni 35% ya skoo, na madeni unayodaiwa, hasa yakilinganishwa na limiti, ni 30%. Mweke kwenye ile ya 2016. Kwa kawaida historia yote ya kadi hiyo inaingia kwenye faili la krediti la mdogo wako, na ataonekana ana akaunti ya miaka mingi wakati hata baridi ya Ohio hajaizoea. Ile ya pili umeshakula 84% ya limiti, ukimweka humo umemtwisha mzigo. Na wewe mwenyewe ukitaka nyumba, shughulika na hiyo 2,100 kwanza. Hiyo inakuumiza kuliko mdogo wako.

Kijana_Pipeline:
Mimi Nairobi nililipa mikopo yangu vizuri na TransUnion, wale watunza rekodi za mikopo, wapo kule. Si wahamishe tu faili lije huku?

Mzee_wa_Gahanga:
Jina moja, mafaili mbalimbali. Rekodi ya Kenya haivuki bahari yenyewe. Hapa unaanza sifuri.

Mama_Wawili:
Binti, mimi nilimwongeza mwanangu na kadi sikumpa. Ilikuja kwenye sanduku langu la barua, nikaitia kabatini. Si lazima aichanje ndipo skoo ijengeke, inatosha akaunti iripotiwe kwa jina lake. Ila piga simu benki kwanza uulize kama wanaripoti watumiaji wa nyongeza kwa Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu. Uwape na namba yake ya soshali. Wasiporipoti, umefanya kazi bure.

Fundi_Dishi:
Mnasahau upande wa pili. Dada mwenyewe akipitisha siku 30 bila kulipa, doa linaweza kuingia na kwa kijana.

Bwana_Tarehe:
Asili ya jambo hili ni wake za watu. Sheria ya 1974 ya kuzuia ubaguzi kwenye mikopo, pamoja na kanuni zake, iliwataka wakopeshaji waripoti akaunti ya wanandoa kwa majina yote mawili, ili mke naye awe na rekodi. Baadaye wajanja wakaanza kuuza nafasi kwenye kadi zao kwa watu wasiowajua. FICO 8, toleo la hesabu za skoo la mwaka 2009, ikaja na mbinu za kupunguza faida ya biashara hiyo. Mdogo wako akikutana na matangazo ya namna hiyo mtandaoni, apite.

Binti_Ukerewe:
Asanteni sana. Na tukikosana je?

Mzee_wa_Gahanga:
Unapiga simu, anaondolewa. Hata yeye anaweza kuomba atolewe. Lakini akaunti ikitoka kwenye faili lake, skoo yake inaweza kuporomoka, kwa hiyo asiegemee kwako tu. Afungue kadi ya dhamana: anaweka kama dola 200 benki, anapewa limiti ya 200, ananunulia mafuta ya gari na kulipa yote kila mwezi. Akija kuomba mkopo mkubwa, wakopeshaji wengi watataka kuona akaunti za jina lake mwenyewe.

Binti_Ukerewe:
Sawa, ya 2016, na kadi inakaa kwangu. Mama akiuliza mbona kijana hana kadi mfukoni?

Mama_Wawili:
Alisema umwandikishe. Si umemwandikisha?